Jinsi ya kupata hadithi mpya za mapenzi na za kichawi za waandishi wasiovuma

Kama umechoka majina yaleyale, anza na Omenana, jarida la Kiafrika la hadithi za maajabu na sayansi lililoanza 2014, unasoma bure mtandaoni na hadithi ni fupi kwahiyo moja unaimaliza ukiwa kwenye daladala. Ukimpenda mwandishi, tafuta jina lake Google uone kingine alichoandika, hii ndo njia naiamini kuliko zote.

Za mapenzi ingia Wattpad, mtandao ambao watu wanaandika na kusoma hadithi, ila usikimbilie zinazoongoza kwa wasomaji, tafuta kwa tagi (maneno ya mada yanayowekwa kwenye hadithi) na uchague zilizokamilika maana kuachwa njiani kunauma jamani. Smashwords, duka la vitabu vya kielektroniki mtandaoni, nako vitabu vya bure vipo kibao, soma kurasa za mwanzo, zisipokushika achana nacho. Ukimaliza muandikie rivyu hata mistari miwili.