Mama hasomi, simu ni yake: namna ya kumwekea alama anazozimudu

Mwongozo huu ni wako wewe unayesoma, ambaye nyumbani una mama, babu, shangazi, au kijana aliyemaliza darasa la saba bila kuzimudu herufi. Kazi yako si kumsomea kila kitu. Ukimsomea kila kitu, siku usipokuwepo atamwomba yeyote aliye karibu, na huyo yeyote ataijua namba yake ya siri. Mpangie mambo ili macho, vidole na masikio yake yafanye ile kazi ambayo herufi zingeifanya.

Anza na macho. Mpe sindano na uzi atunge, au mchele kidogo achambue mawe. Akiisogeza sindano mbali na uso ndipo aione, huenda herufi hazina kosa, shida ni macho ya mtu aliyepita miaka 40. Mpeleke akapimwe. Miwani ya kusomea imewarudisha wengi kwenye maandishi waliyodhani wameyasahau.

Ajue pia kwamba hatasemwa. Wachache sana watakuambia "sijui kusoma". Mkubwa atasema miwani imebaki nyumbani, au "nisomee mwanangu, kichwa kinaniuma". Kijana atasema simu inazima chaji. Usimpime mbele za watu, na hasa usimpime mbele ya watoto wake. Mkiwa wawili muulize: "Mama, kwenye simu ni kitu gani kinakusumbua zaidi?" Anza na hicho atakachokitaja, hata kama wewe unaona kuna kikubwa zaidi.

Tarakimu kwanza, kwa sababu ya pesa

Wengi wasiosoma herufi wanazijua tarakimu 0 mpaka 9. Kinachowaangusha ni sufuri. Elfu 5 na elfu 50 kwenye kioo cha simu zinafanana, na kosa la sufuri moja linaweza kuondoka na ada ya mtoto.

Panga noti za Tanzania mezani: ya bluu yenye sura ya Mwalimu Nyerere, ya simba, ya faru, ya tembo. Chini ya kila noti weka karatasi yenye tarakimu kubwa, bila alama ya mkato, kwa sababu anapoingiza kiasi kwenye simu mkato hauandikwi: 1000, 2000, 5000, 10000. Sasa afunike sufuri tatu za mwisho kwa kidole. Kinachobaki ndiyo elfu ngapi. Kwa faru inabaki 5, kwa tembo inabaki 10. Mwandikie 50000, afunike, abaki na 50, kisha ahesabu faru kumi mezani. Rudieni mpaka kidole kiende chenyewe. Halafu hamieni kwenye simu, afunike kwenye kioo vilevile kabla ya kukubali kutuma. Kiasi chenye mabaki, kama 12500, kiacheni mpaka hiki kimekaa. Ukivichanganya mapema, anaacha kuamini kidole chake.

Namba ya siri aibonyeze mwenyewe, siku zote. Kwenye simu ya kitochi, kitufe cha 5 mara nyingi kina kinundu. Aweke kidole gumba hapo, ajifunze zilipo namba zake nne kuanzia hapo: juu, kushoto, chini kabisa. Ataibonyeza hata gizani. Asichague 1234, wala 2580 ambayo ni mstari ulionyooka katikati, wala mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kitambulisho chake. Asiiandike nyuma ya betri. Akikosea mara mbili aache, asubiri mtu anayemwamini, kwa sababu majaribio ya kukosea yakizidi huduma hufungwa.

Kwa wakala mfundishe sentensi moja aiseme kabla ya kutoa simu: "Niandikie kiasi, namba ya siri nabonyeza mwenyewe." Wakala mwema hataona ubaya. Anayesisitiza atajiwe namba, aachwe, mawakala wako wengi.

Ujumbe wa tapeli, ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", unamlenga mtu kama huyu, maana atauonyesha kwa mwingine na huyo mwingine atausoma kwa sauti ya kuaminika. Kanuni yake iwe fupi: pesa haijaingia mpaka salio limesema. Mwonyeshe njia ya kuangalia salio kama mfululizo wa vitufe, bila maneno ya menyu: kwa M-Pesa ya Tanzania anaanza na *150*00#, kisha namba za kuchagua kama zilivyo kwenye simu yake siku hiyo. Ziandike kubwa kwenye kadi ya boksi, zimkae kichwani kama wimbo. Mitandao hubadilisha mpangilio wa menyu mara kwa mara, kwa hiyo pitia kadi hiyo kila baada ya miezi kadhaa, la sivyo siku moja atabonyeza "tuma" akidhani ni "salio". Namba za matapeli ripoti wewe kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040.

Umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, una tokeni ya tarakimu 20. Hakuna anayeziingiza kwa mkupuo bila kupotea. Ziandike kwenye karatasi mafungu matano ya nne nne, kila fungu kwenye mstari wake. Akimaliza mstari anaukunja nyuma, unaofuata ndio unakuwa wa juu.

Kwa kupiga simu, kitochi nyingi zinakubali kitufe kimoja kikibonyezwa muda mrefu kimpigie mtu: 2 kwa binti, 3 kwa kaka, 4 kwa mhudumu wa afya wa jamii. Kwenye simu janja weka sura ya mtu kwenye kioo cha mbele, akigusa sura inapiga. Ujumbe wa WhatsApp mtumieni wa sauti. Familia nzima ikubaliane hivyo, na kijana mwenye haraka ya kuandika asijifanye amesahau.

Dawa

Hapa ndipo kosa linaumiza mwili. Kwenye bahasha ya dawa 1x3 maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8. Wapo wanaomeza vitatu kwa mara moja. Chora: jua linalochomoza, jua lililoanza kushuka, mwezi. Chini ya kila mchoro weka nukta, moja kwa kila kidonge.

Dawa mseto ya malaria (ALu) inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu dozi ya pili haifuati mtindo wa asubuhi na jioni. Mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea hupewa vidonge 24: vinne kwa kila dozi, dozi sita, siku tatu. Akimeza ya kwanza saa 3 asubuhi, ya pili ni baada ya saa 8, yaani saa 11 jioni. Siku ya pili na ya tatu ni asubuhi na jioni. Wengi wanaharibu mahali pawili: dozi ya pili wanaisubirisha mpaka kesho yake, na homa ikishuka siku ya pili wanahifadhi vilivyobaki. Chukua kalamu ya wino mzito, gawa karatasi ya vidonge kwa mistari kupata mafungu sita ya vinne. Weka saa ya kengele kwenye simu kwa ile dozi ya pili. Ameze na chakula chenye mafuta kidogo, kama uji wa karanga au maziwa. Akitapika ndani ya saa moja, dozi hiyo hurudiwa, na maana yake vidonge vitapungua mwishoni, basi rudini kituoni kuongezewa.

Usimwambie "ile nyeupe ni ya presha". Mwezi ujao duka linaweza kutoa ya kiwanda kingine, yenye rangi nyingine. Alama iwe kwenye chombo: uzi mwekundu kwenye chupa ya presha, fundo moja kwenye bahasha ya dawa ya kisukari. Na kila dawa mpya inapoingia ndani, hamishia alama mwenyewe siku hiyohiyo.

Jambo linalosahaulika ni saa. Kadi ya kliniki ikiandikwa 2:00, ni saa mbili asubuhi au saa nane mchana? Mwombe muuguzi aseme kwa mdomo, nawe uchore jua lilipo. Tarehe zungushia duara kwenye kalenda ya ukutani, na kila jioni avuke siku iliyoisha kwa mkaa.

Viuatilifu na mafuta ya taa visiingie kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Asiyesoma huutambua uhai na sumu kwa umbo la chupa.

Dole gumba

Dole gumba lina uzito wa sahihi. Karatasi ya kiwanja, mkopo wa kikundi, mkataba wa kazi: isomwe yote kwa sauti, mbele ya mtu anayemchagua yeye, ambaye hana faida kwenye jambo hilo. Kisha yeye aeleze kwa maneno yake alichosikia. Asipoweza kueleza, wino usifunguliwe. Penye nafasi tupu pigwe mstari kwanza. Abaki na nakala, ndani ya mfuko wa plastiki wa rangi yake.

Akitaka kusoma

Muulize afisa elimu kata kuhusu madarasa ya watu wazima, na ya MEMKWA kwa watoto na vijana waliokosa shule. Wakati mnasubiri, anzeni nyumbani, dakika 20 kwa siku, na jina lake. Kiswahili kinakubali sana, maana kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Andika SALIMA kwenye boksi, kata vipande vitatu: SA, LI, MA. Ongeza MA ya pili. Achezeshe vipande juu ya mkeka: MA na LI ni mali, LI na MA ni lima, SA na LI ni sali, MA na MA ndiye yeye mwenyewe. Usimtajie jibu. Kaa kimya, hesabu mpaka kumi moyoni, umwache alitamke.