Taa za mbele za gari zikikuzimikia usiku
Mimi zilinizimikia karibu na Mikindani, natokea Mnazi Mmoja ya Lindi, nyuma magunia ya korosho. Nikawasha hazadi, nikatoka barabarani taratibu.

Zikizimika zote mbili kwa pamoja, usikimbilie balbu. Balbu haziungui kwa kukubaliana. Angalia fyuzi, kisha badilishana rilei (swichi ndogo ya umeme) ya taa na ya honi kama ni za aina moja. Bado? Fuata waya wa hasi wa taa hadi unapofungwa kwenye bodi. Wangu ulikuwa umeota kutu ya kijani, chumvi ya bahari hiyo. Chomoa hasi ya betri, fungua kwa spana namba 10, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Soketi ya balbu ikiwa imeyeyuka, usiizungushie selotepu kama nilivyofanya mimi. Nunua nyingine.