Jinsi ya Kumpa Mhusika wa Riwaya ya Kihistoria Jina la Zama Zake

Kabla ya kumtafutia mhusika jina, kadiria kwanza mwaka aliozaliwa. Waandishi wengi huchukua majina yaliyovuma katika mwaka ambao kisa kinatokea, ilhali bibi mwenye umri wa miaka 70 katika kisa cha mwaka 1900 alipewa jina na wazazi walioishi karibu na mwaka 1830, na huenda jina hilo lilikwishaanza kusikika la kizamani alipozaliwa mjukuu wake. Ikiwa jamii unayoiandika ina desturi ya wajukuu kurithi majina ya mababu, tofauti hiyo hupungua, nawe huna budi kuifahamu desturi hiyo mapema.

Baada ya hapo rejea kumbukumbu za wakati wenyewe, kama vile wosia, hati za mashauri, orodha za walipa kodi, maandishi ya makaburini, na madaftari ya ubatizo na ndoa, ambayo parokia za Uingereza ziliagizwa kuyaweka kuanzia mwaka 1538. Usiridhike na kuokota jina moja linalopendeza. Nakili majina mengi, ili uone lipi lilikuwa la kawaida na lipi lilikuwa adimu. Katika Uingereza ya Zama za Kati, majina machache kama William, John na Robert yalibebwa na wanaume wengi mno, hivyo kijiji ambacho kila mwanamume ana jina la pekee hakiaminiki. Ukihofia kwamba msomaji atachanganyikiwa, fanya walivyofanya wanakijiji wenyewe: watofautishe kwa kazi, mahali wanapotoka, jina la baba au lakabu.

Chunguza pia muundo wa jina zima. Nchini Japani, watu wa kawaida walilazimishwa kuwa na majina ya ukoo mwaka 1875, na Uturuki ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 1934. Katika Roma ya kale, binti wa ukoo wa Julius aliitwa Julia, na dada yake vilevile, jambo ambalo mwandishi makini anaweza kulitumia kuonyesha nafasi ya wanawake katika familia hizo.

Kuna mtego mmoja unaohitaji busara zaidi. Vanessa ni jina lililobuniwa na mwandishi Jonathan Swift katika karne ya 18, kwa hiyo haliwezi kuingia katika kisa cha karne ya 15. Tiffany, kwa upande mwingine, lina asili ya Zama za Kati, lakini msomaji wa leo atalidhania kuwa la juzi. Kwa maoni yangu, ukweli unaomtoa msomaji katika hadithi haufai kung'ang'aniwa. Tumia umbo la kale, Theophania, au chagua jina jingine. Na kwa kuwa makarani wa zamani waliliandika jina moja kwa tahajia nyingi, teua tahajia moja kwa kila mhusika na uishike hadi ukurasa wa mwisho.