Sabufa inavuma? Pima kapasita ya pawa saplai hivi

Sabufa ikivuma hata sauti ikiwa sifuri, mshukiwa wa kwanza ni kapasita kubwa ya pawa saplai, kile kipuri kinachohifadhi chaji na kulainisha umeme. Tuseme imeandikwa 2200µF 35V, yaani maikrofaradi 2200, volti 35.

1. Chomoa plagi. Unganisha miguu miwili ya kapasita kupitia rezista ya omu 1000, wati 5, kwa nusu dakika, kisha hakikisha kwa mita kuwa imeshuka chini ya volti 1. Wengi hugusisha bisibisi. Cheche yake hula miguu na njia za bodi. Na kama pawa saplai haina transfoma kubwa, kapasita ya volti 400 iliyo upande wa umeme wa ukutani hubaki na volti kama 325. Hiyo inaua.

2. Itazame. Kichwa kilichotuna au majimaji chini, tupa, usipoteze muda kupima. Ila usichanganye na gundi ya kahawia ya kiwandani. Kichwa bapa nacho si ushahidi wa uzima.

3. Weka alama ya upande wa hasi kwenye bodi, kisha ing'oe. Ikipimwa ikiwa bado imechomelewa, vipuri vya jirani hupotosha namba.

4. Pima kwa mita yenye alama ya F (faradi, kipimo cha kapasita). Kwa kapasita inayoruhusiwa kupotoka asilimia 20, maikrofaradi kati ya 1760 na 2640 ni sawa.

Mita yako haina F? Chukua betri ya volti 9 na rezista ya kilo-omu 10, viunge mfululizo na kapasita, chanya kwa chanya, mita ikisoma volti kwenye miguu ya kapasita. Hesabu sekunde kutoka sifuri hadi volti 5.7. Kila sekunde ni maikrofaradi 100: nzima huchukua kama sekunde 22, ikichukua 13, imebaki 1300. Ikigota volti 6 na kukataa kupanda, inavuja, ingawa iliyokaa stoo miaka mingi iachie dakika kadhaa kwanza, huenda ikazinduka.

5. Hapa ndipo wengi hukwama: namba nzuri, mvumo palepale. Ukinzani wa ndani umepanda, na mita ya kawaida haiuoni kwa kuwa huchaji polepole. Tumia mita ya ESR, inayopima ukinzani huo. Kwa ukubwa huu, chini ya omu 0.1 ni nzima. Ikifika omu 1, badilisha.

Mpya iwe 2200µF, volti 35 au zaidi, nyuzi joto 105 (Selsiasi). Ukigeuza miguu, itapasuka.