Jinsi ya kupatanisha umri wa mashapo ya maziwa yetu kabla ya kuyalinganisha

Mwongozo huu ni wa wanaoanza kulinganisha rekodi za hali ya hewa ya kale zilizohifadhiwa kwenye mashapo, yaani tope la chini, ya maziwa ya Afrika Mashariki. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi aliyepokea mafaili kutoka Kenya, Uganda, Burundi na Tanzania, akadhani kazi iliyobaki ni kuchora grafu tu.

Kwa nini tusumbuke? Tope la Ziwa Naivasha, Kenya, linaonyesha kuwa kuanzia 1270 hivi hadi 1850 ziwa lile kwa jumla lilikuwa na maji mengi, ila ukame uliingia katikati mara tatu: 1390–1420, 1560–1625 na 1760–1840. Karne hizohizo, maziwa ya kreta ya magharibi mwa Uganda yanaonyesha ukavu. Tofauti hiyo ya mashariki na magharibi inatufundisha mengi kuhusu mvua za ukanda wetu, lakini miaka ya ziwa moja ikisogea kwa miongo michache tu, huwezi tena kuiamini.

Hatua ya 1: Omba vipimo vibichi

Kwa kila kipimo cha kaboni-14 (kaboni yenye mionzi inayotumika kukadiria umri) omba msimbo wa maabara, umri, kiwango cha shaka, kina, na kitu kilichopimwa. Jani au mkaa ni bora kuliko tope zima, maana tope hubeba kaboni kuukuu na kuonekana zee kuliko lilivyo.

Hatua ya 2: Safisha jedwali

Wenzetu wa Burundi na Kongo wengi huandika 12,5 pale Mkenya au Mtanzania anapoandika 12.5. Faili la CSV lililotenganishwa kwa mkato litaikata namba hiyo vipande viwili. Kwenye R (programu ya takwimu), faili la namna hiyo, lenye nuktamkato kati ya safu, lisome kwa `read.csv2`.

Excel mimi siiruhusu iguse safu ya kina. Ukiandika 10-12, yaani sentimita 10 hadi 12, inaigeuza kuwa tarehe, na ukishahifadhi, kina cha awali kimepotea. Weka safu mbili: juu na chini.

Hakikisha pia kina kimepimwa kuanzia wapi. Ziwa Challa, pale mpakani mwa Kenya na Tanzania chini ya Kilimanjaro, lina maji ya takriban mita 90. Aliyepima kuanzia usoni mwa maji na aliyepima kuanzia usoni mwa tope watakupa namba zisizokutana kabisa.

Hatua ya 3: Patanisha miaka

Hapa ndipo siku nzima inapoishia, kwa hiyo nenda polepole.

Katika vipimo vya kaboni, "kabla ya sasa" maana yake ni kabla ya 1950. Tope la juu kabisa lililotolewa 2016 lina umri wa −66. Usiifute alama ya kutoa ukidhani ni kosa la uchapaji. Mwaka 1840 unakuwa 110. Wako watafiti wanaohesabu kuanzia 2000, na faili lisiposema, waulize.

Umri wa kaboni si miaka ya kalenda mpaka usawazishwe. Mikondo ya kusawazishia, yaani ile inayogeuza umri wa kaboni kuwa miaka ya kalenda, imerekebishwa 2004, 2009, 2013 na 2020, kwa hiyo ziwa lililosawazishwa kwa mkondo wa 2004 usiliweke kando ya lile la 2020. Rudi kwenye vipimo vibichi, usawazishe yote upya.

Kisha lipo suala la ikweta. Mkondo wa 2020 wa nusu ya kaskazini ya dunia unaitwa IntCal20, wa kusini SHCal20, na inatofautiana kwa takriban miaka 40 ya kaboni. Maziwa yetu yako katikati, yanapata hewa ya pande zote mbili. Wapo wanaochanganya mikondo hiyo, nami naona ni sahihi, mradi kundi zima lichague njia moja na kuiandika.

Miaka 100 hadi 150 ya mwisho hupimwa kwa risasi-210 (madini ya risasi yenye mionzi). Hiyo tayari ni miaka ya kalenda, isisawazishwe tena. Kwenye rbacon, kifurushi cha R kinachokadiria umri wa tope kwa kila kina, safu ya `cc` (inayotaja mkondo wa kusawazishia) iwe 0 kwa vipimo hivyo, 1 kwa IntCal20, 3 kwa SHCal20. Ukisahau 0, sehemu ya juu ya ziwa zima inaharibika, na grafu bado itapendeza macho.

Hatua ya 4: Endesha rbacon

Kila ziwa peke yake, kwa mipangilio ileile.

Hatua ya 5: Chora

Onyesha upana wa shaka, si mstari wa katikati peke yake. Kilele cha ukame cha ziwa moja kikiangukia ndani ya shaka ya ziwa jingine, usitangaze kuwa kimoja kilitangulia.

Kabla ya kuchapisha, mrudishie kila mwenye ziwa umri mpya pamoja na msimbo wa R uliotumia, na asubiriwe ajibu. Yeye ndiye anayejua ni kipande gani cha tope kilimwagika mashuani.