Kabla Hujapanda Rasiberi Nyanda za Juu Kusini

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza kati ya Novemba na Desemba, na huo ndio wakati mwafaka wa kupandikiza miche ya rasiberi. Anayetaka kupanda Novemba aanze kujiandaa Juni, kiangazi kinapoingia. Miezi mitano inaonekana mingi kwa tunda dogo namna hii, lakini wengi wanaoanza hupoteza miche kwa mambo yaliyoamuliwa kabla mche haujagusa udongo: aina waliyonunua, na kipande cha ardhi walichokichagua kwa sababu tu kilikuwa wazi.

Aina kwanza. Mizizi ya rasiberi huishi miaka mingi, ila kila ufito unaochipuka huishi miaka miwili tu. Zipo aina ambazo ufito huota mwaka huu, hukaa na majani matupu, hupitia kipindi kirefu cha baridi, ndipo huzaa mwaka unaofuata na kufa. Hizo zinadai mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7, mara nyingi saa 800 na kuendelea. Usiku wa Juni na Julai Mbeya tunavaa makoti na kuota moto, ni kweli, lakini ikifika saa nne asubuhi jua limeshapasha. Saa za baridi yetu hazifiki huko. Mche wa aina hiyo utarefuka, majani yatapendeza, wageni watausifu, na matunda hayatakuja au yatakuja ya kuhesabu. Aina ya pili huzaa kwenye ncha ya ufito ulioota mwaka huohuo, na haidai baridi nyingi. Heritage na Autumn Bliss ni za kundi hili, na ndiyo ninayomshauri kila anayeanza. Muuzaji akishindwa kukutajia jina la aina, akabaki kusema ni rasiberi tu, funga pochi yako.

Halafu mahali. Rasiberi ni mmea wa ubaridi, na joto likizidi nyuzi 30 hudhoofika, matunda yakawa madogo na laini. Kwa hiyo Kyela, bonde la Usangu na Pawaga si kwao. Uporoto, Mbeya, Njombe, Makete, Mufindi na milima ya Kilolo kunafaa, ila kila mahali pana tabia yake. Makete na maeneo ya kuelekea Kitulo, hewa ya baridi hushuka na kutulia bondeni usiku, ukiamka majani yameganda. Panda kwenye mteremko, usipande chini kabisa. Makambako na jirani zake upepo huvunja fito changa, basi weka kinga ya miti au uzio upande unakotoka upepo. Tukuyu mvua ni nyingi mno kwa mwaka, na tunda bivu likilowa siku mbili mfululizo hushikwa na ukungu wa kijivu. Wa Tukuyu apige hesabu ya paa la nailoni juu ya mstari tangu mwanzo.

Sasa ardhi yenyewe, na hapa ndipo ninapoomba uniangalie vizuri. Uliza kipande hicho kilipandwa nini miaka minne au mitano iliyopita. Huku kwetu jibu mara nyingi ni viazi mviringo, au nyanya. Mazao hayo, pamoja na pilipili na bilinganya, huacha ardhini kuvu wa mnyauko, na kuvu huyo hukaa kwenye udongo miaka mingi akisubiri. Rasiberi ikishikwa na kuvu huyo, majani ya chini huanza kuwa ya njano, ufito hukauka upande mmoja, na hakuna dawa ya kuurudisha. Kama shamba lako lote limepita viazi, tafuta kona iliyokuwa na mahindi au majani ya malisho, hata iwe ndogo. Afadhali mstari mmoja mahali safi kuliko robo eka kwenye udongo wenye ugonjwa. Angalia pia pembeni: ile miiba ya porini inayozaa matunda ambayo watoto huchuma wakitoka shule ni ndugu wa rasiberi, na magonjwa yake huhamia kwa urahisi. Iliyo karibu na bustani ing'oe.

Jambo la pili la ardhi ni maji kutuama. Mizizi ya rasiberi haivumilii kukaa kwenye maji, huoza. Kipimo chake hakina gharama. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, acha yanywewe yote, kisha lijaze tena na uangalie saa. Yakishuka ndani ya saa chache, udongo unapitisha. Ukirudi kesho yake ukute bado kuna dimbwi, usipande hapo bila kuinua tuta la sentimita 25 hadi 30 na upana wa mita moja. Udongo mwekundu wa mfinyanzi ulioko sehemu nyingi za Iringa na Njombe huhitaji tuta karibu kila mara.

Uchachu wa udongo pia upimwe mapema. Rasiberi inataka pH ya 5.6 hadi 6.5. Maeneo yanayostawisha chai, kama Mufindi na Rungwe, udongo wake huwa na uchachu kuzidi huo. Chukua udongo sehemu kadhaa za kipande chako, changanya, upeleke maabara. Mbeya kuna TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo. Ukiambiwa uweke chokaa ya kilimo, iweke Julai au Agosti na kuichimbia ndani, kwa sababu inachukua miezi kufanya kazi, na huhitaji unyevu kidogo. Wakati huohuo ng'oa gugu la sangari. Hili usilifanye nusu. Kipande cha mzizi wa sangari kikibaki, kitachipua katikati ya mizizi ya rasiberi, ambayo hukaa juujuu, na hutaweza tena kupitisha jembe bila kuikata. Kiangazi ni rafiki yako hapa: fukua, tandaza mizizi juani ikauke, pitia tena baada ya wiki mbili. Samadi iliyooza vizuri ichanganywe kipindi hiki, mbichi huunguza.

Maji ya kiangazi yasiachwe kwa Mungu. Kuanzia Juni hadi Oktoba hakuna mvua ya kutegemea. Mstari wa mita 10 wenye miche 20, yaani nafasi ya sentimita 50 kati ya mche na mche, unataka takriban ndoo mbili za lita 20 kila siku wakati wa jua kali. Kama unayachota kisimani kwa kichwa, fikiria mwenyewe Septemba itakavyokuwa. Umwagiliaji wa matone ni bora kwa sababu majani na matunda hayalowi. Matandazo yatakusaidia sana. Nyasi kavu zinafaa, na walio karibu na viwanda vya mbao vya Mafinga wanapata maranda kwa urahisi. Tumia yaliyokaa muda mrefu, yatandazwe juu tu, yasichimbiwe, kwani yakichanganyika na udongo hula naitrojeni ya mmea.

Nguzo na waya viwepo kabla ya miche. Nguzo tatu za mkaratusi, waya mbili, moja sentimita 60 kutoka chini na nyingine mita 1.2. Mistari miwili iachane mita 2 au zaidi, maana machipukizi hutambaa na kutokea mbali.

Kuhusu miche, usichukue vichipukizi kwa jirani kwa sababu ni vya bure. Virusi husafiri humo bila kuonekana. Nunua kwenye kitalu kinachojulikana, ikiwezekana miche iliyozalishwa maabara. Na tafadhali usiibebe kwenye begi kutoka nje kupitia Tunduma au Kasumulu. Mimea inayoingia nchini inahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na sheria hiyo inalinda hata parachichi na viazi vya majirani zako. Anza na miche 10 hadi 20. Unaweza kuiongeza mwenyewe baadaye kutokana na machipukizi yako, ukishajua ni mazima.

Mwisho, amua sasa nani atakula. Tunda la rasiberi halivundikwi: ukilichuma kabla halijaiva litabaki hivyohivyo. Lililoiva hutoka lenyewe ukilivuta taratibu kwa vidole viwili, likaacha moyo wake mweupe kwenye kikonyo na lenyewe kubaki na tundu ndani. Likikataa, liache hadi keshokutwa. Likishachumwa, kwenye joto la kawaida halimalizi siku mbili bila kulainika, na likirundikwa kwenye ndoo la chini hugeuka maji. Kwa hiyo tafuta vyombo vya kina kifupi, nafasi kwenye friji, na mtu wa kupokea: hoteli ya mjini, mwokaji keki, au jiko lako mwenyewe kwa ajili ya jamu. Miche 20 ikikomaa inaweza kutoa kilo 20 na zaidi kwa mwaka, na utakuwa unachuma kila baada ya siku mbili au tatu. Zungumza na hao watu Agosti, wakati bado unafukua sangari, uwaulize wanachukua kiasi gani kwa wiki na siku gani, ndipo uagize idadi ya miche.