Somo: nakshi za kalamu kwenye kikadi cha sentimita 9, tuchore pole pole

Habari zenu wapendwa. Wengi mmeniuliza kuhusu vile vikadi vya nakshi ninavyochora kwa kalamu nyeusi, nikasema basi leo watoto wamelala mapema, ngoja niandike somo lote mwanzo mpaka mwisho, na maswali yenu nimeyajibu huko chini.

Kwanza mnijue kidogo. Mi ni fundi wa hina na piko huku Tanga, mwaka wa 15 sasa napamba maharusi, mkono wangu umezoea maua na majani kiasi kwamba hata taa ikizimika naendelea. Lakini hina ni mali ya mwenyewe, bibi harusi anaondoka nayo na wiki 2 haziishi ishaanza kufifia, alafu unachora huku unaharakishwa, ngoma inalia, mama mtu anachungulia mlangoni kila baada ya dakika 5 anauliza bado tu fundi? Mama yangu alipofariki nikawa silali vizuri, nikilala saa 5 nimeamka saa 8 na ndo basi tena. Binti wa dada yangu akanionesha kwenye simu yake hii namna ya kuchora nikaijaribu usiku ule ule kwa bic ya mwanangu, nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi iliyokwisha pita. Kikadi kile ninacho mpaka leo.

Asili yake ni Marekani, jimbo la Massachusetts, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walioianzisha ni Rick Roberts na Maria Thomas na wao wanaiita Zentangle. Maria alikuwa fundi wa kuandika herufi za mapambo, akawa anajaza nakshi ndogo ndogo kuzunguka herufi akazama mpaka akasahau muda na kila kitu, alipomsimulia Rick, ambaye aliwahi kuishi kitawa, akamwambia hiyo hali ndo watu wanayoitafuta wanapokaa kimya kutafakari. Wakaipangia hatua ili hata asiyejua kuchora aweze. Mi nilipoziona hizo nakshi nikaona mbona hizi tunazo? Mtu aliyekulia pwani amelala juu ya mkeka wa ukili, amefunikwa kanga, amepita kwenye milango yenye minyororo na maua ya kuchonga, macho yake yashajua marudio. Kilichokuwa kipya kwangu mimi ni ule utaratibu, na hasa udogo wa kadi. Hapo kwenye udogo naomba msinibishie mpaka mjaribu, mana wengi wanachukua A4 nzima wanachora kona moja wanachoka wanaacha, na karatasi iliyoachwa nusu inakukaa moyoni kama deni. Kikadi cha sentimita 9 kwa 9 unakimaliza kikao kimoja, nusu saa au lisaa, ukilala umelala umemaliza kitu.

VIFAA

Manila nyeupe, ile nzito kidogo, karatasi ya fotokopi ya gramu 80 wino unatokeza nyuma. Manila ya ukubwa wa A4 inatoa vikadi 6 vya sentimita 9, pima kwa rula kata kwa mkasi, mi nakata vingi kwa mpigo naviweka kwenye kopo ili usiku nisianze kutafuta mkasi.

Kalamu ninayotumia sasa ni Sakura Pigma Micron namba 01, mstari wake ni milimita 0.25, na ile 05 ambayo ni 0.45 kwa kujazia sehemu nyeusi. Wino wake ukishakauka haufutiki na maji wala haupauki haraka. Ukikosa anza na bic, usisubiri kalamu.

Penseli laini, 2B ni nzuri zaidi ya HB. Na kikaratasi ulichokiviringisha kikabana kama kijiti, cha kusambazia kivuli. Kifutio usikiweke karibu kabisa, hatukitumii.

TUANZE

Kaa mahali pa mwanga, weka kadi mbele yako, iangalie tu kidogo. Walioanzisha wanasema hapo ushukuru, mi nasema bismillahi, na we sema la kwako. Alafu vuta pumzi uishushe taratibu, usiruke hapa hata kama unaona ni kitu kidogo, mana mkono unachukua mwendo wa pumzi.

Chukua penseli, weka nukta 4, moja kila pembe, ndani kidogo ya ukingo. Ziunganishe kwa mstari mwepesi, si lazima unyooke, ukipinda ndo vizuri. Huo ni kama pindo la kanga, na ndani yake ndo mji. Sasa hapo ndani ya mji pitisha uzi, yaani mstari wa penseli unaozunguka zunguka ukajikata wenyewe mara mbili tatu, kama uzi ulioanguka mezani, ukagawa mji vipande 4 au 5. Uzi usiukandamize, mwisho wa kazi hautaonekana. Kazi yake ni moja tu, kukuondolea hofu ya karatasi nyeupe, mana ukishakuwa na vipande huulizi tena nichore nini, unauliza kipande hiki nikijaze nini, na hilo ni swali jepesi.

Weka penseli chini shika kalamu. Kila kipande nakshi yake. Nakupa nne za kuanzia, majina nimezipa mwenyewe.

Hilali: kwenye ukingo wa kipande chora nusu mwezi, jaza wino wote uwe mweusi, ruka nafasi chora mwingine, mpaka uzunguke kipande chote. Alafu kila mwezi uufuatishie mstari wa kuuzunguka, na mwingine, na mwingine, mpaka mistari ya mwezi huu ikutane na ya jirani yake. Usichore mstari mmoja ukauharakisha, sikiliza ncha inavyokwaruza karatasi, ule mlio ndo unaonilaza mimi.

Kunde: viduara vikubwa na vidogo vimesongamana, nafasi zinazobaki kati zijaze nyeusi. Hii ni ya siku umechoka.

Ukili: hii ndo naipenda kuliko zote. Chora mistari 2 sambamba inayokatiza kipande toka upande mmoja mpaka wa pili, hicho ni kijiti cha kwanza na ndo kiko juu ya vyote. Chora kijiti cha pili kikielekea kwingine, kikifika kwenye cha kwanza kinasimama, kalamu unainua, unairuka nafasi ile unaendelea upande wa pili, kama vile kimepita chini yake. Cha tatu kinapita chini ya vyote viwili, cha nne chini ya vitatu, hivo hivo mpaka ujisikie imetosha, alafu nafasi zote zilizobaki nyuma zijaze nyeusi. Hapo ghafla karatasi inapata kina, vijiti vinanyanyuka kabisa. Mara ya kwanza nilikitazama kikadi nikakipapasa kwa kidole.

Mawimbi: weka viduara vidogo vimejipanga safu na safu kama shanga kwenye sinia, alafu unganisha kila kiduara na jirani yake kwa mstari wenye umbo la S, juu ya hiki chini ya kile, safu za kulala kwanza, za kusimama baadae.

Vipande vyote vikijaa acha wino ukauke dakika kadhaa, kisha rudi na penseli. Kivuli ndo hatua inayorukwa na wengi na ndo inayotofautisha kazi, nakshi bila kivuli ni kama hina iliyooshwa mapema, ipo lakini haijakolea. Paka penseli pale kitu kinapopita chini ya kingine, kwenye ukili ni pale kila kijiti kinapoingia chini, kwenye hilali ni pale mistari inapokutana. Sambaza kwa kile kikaratasi, si kwa kidole, kidole kina mafuta kinaacha doa.

Mwisho weka herufi za jina lako kwenye kona, nyuma andika tarehe. Alafu kinyooshe mbali kwa urefu wa mkono ukiangalie. Kwa mbali kile ulichoona umekosea hukioni.

MASWALI YENU

Swali (mdau wa Morogoro): Dada samahani, bic inaacha matone ya wino katikati ya mstari naharibu kazi, nifanyeje?

Kaka hilo tone linajikusanya kwenye ncha, weka kikaratasi pembeni na kila mistari michache ifute ncha hapo kwa kuizungusha. Pia usiisimamishe kalamu wima sana wala usiikandamize. Tone likishatokea usilisugue, likauke, kisha ligeuze kunde.

Swali: Bi fundi mi mkono unatetemeka, umri umeenda, mistari yangu hainyooki kama yako.

Mama yangu shikamoo. Hata yangu hainyooki, kitazame kikadi kwa karibu utaona. Fanya mambo mawili, chora mistari mifupi mifupi unapotoa pumzi, na geuza kadi badala ya kugeuza mkono, kadi ni ndogo inazunguka kirahisi, mkono ubaki kwenye upande ule unaoupenda. Na anza na hilali, mistari yake ikitetemeka inakuwa kama maji yanacheza.

Swali: Nimekosea kijiti kimepita juu badala ya chini na kifutio umekataza. Sasa?

Mwanangu rudia hilo kosa sehemu nyingine mbili kwenye kipande kile kile, tayari ni nakshi. Ikishindikana hapo pajaze nyeusi. Kwenye hina hatufuti pia, tone la hina likidondoka mkononi mwa bibi harusi linageuzwa ua, na hakuna aliyewahi kujua.

Swali (kutoka Mombasa): Assalam alaykum dadangu. Nina wasiwasi na hilo jina, naskia zen ni mambo ya Kibudha, haiwi ni ibada ya watu wengine?

Waalaykum salaam ndugu yangu, swali lako nililiuliza na mimi siku ya pili tu. Neno zen kweli limetoka kwenye Ubudha, lakini kwenye hatua zote nilizoandika hapo juu hamna dua ya mtu, hamna sanamu, hamna cha kutamka, ni wino na karatasi. Nakshi za kujirudia zipo kwenye misikiti na pembezoni mwa misahafu ya zamani, na nakshi hizi hazichori kiumbe chochote. Mi nachora baada ya isha. Moyo ukibaki mzito muulize shekhe wako umuoneshe na kikadi chenyewe, na jina si lazima ulitumie, mi naziita nakshi.

Swali: Natumia mkono wa kushoto, kila nikichora nafuta wino kwa kiganja.

Anza vipande vya kulia uje kushoto, na weka karatasi safi chini ya kiganja iwe inahama na mkono. Kalamu za jeli ndo mbaya zaidi kwa hilo, zinachelewa kukauka.

Swali: Hii inatibu wasiwasi? Dada yangu halali miezi sasa.

Siwezi kusema inatibu, shoga yangu. Mimi inanituliza, lakini miezi bila usingizi ni mingi mno, mpelekeni hospitali aonwe na daktari. Vikadi mkatie hata 10 avichore akiwa kwenye foleni, havikinzani na dawa.

Swali: Nimeona nakshi moja ya pembetatu, mistari inazunguka kama kombe la baharini, inachorwaje? Nimejaribu mara 6 nimeshindwa.

Hiyo inaitwa Paradox, na siri yake ni kwamba mistari yote imenyooka, jicho ndo linaiona imepinda. Chora pembetatu. Anzia pembe ya kwanza, vuta mstari kama unaenda pembe ya pili lakini ukifika karibu ingia ndani kidogo, uguse ubavu unaofuata, nafasi ya punje ya mchele tu. Ulipoishia ndo unapoanzia mstari wa pili, uvute kuelekea pembe ya tatu, nao uingie ndani kidogo vile vile. Wa tatu unarudi kuelekea ulipoanzia, unaugusa mstari wa kwanza punje moja kabla ya mwanzo wake. Kutoka hapo kila mstari unauchukulia ule wa ndani kabisa kuwa ndo ubavu mpya, mwelekeo ule ule, mpaka katikati pafunge. Nadhani unaposhindwa ni kwamba unabadilisha mwelekeo njiani, kwa hiyo geuza kadi kila ukimaliza mstari, ili kila mstari uuvute kuja kwako. Ukiiweza moja chora pembetatu ya pili iliyogusana nayo ubavu, hiyo izungushe kinyume, alafu nirushie picha nione, piga asubuhi karibu na dirisha, flashi izime.